Breki za Motokaa Zinazolia: Sababu Zake na Matengenezo Yake

Kati ya sauti zote zitokazo katika motokaa, hakuna ichomayo masikio kama mlio wa breki. Watu wakaao kando ya barabara kuu pale Buhongwa, kusini mwa mji wa Mwanza, waujua sana mlio huo. Toka alfajiri daladala huanza safari zake za kwenda mjini kwa njia ya Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni, na katika kila kituo husimama kuteremsha na kupakia watu. Magari ya mizigo nayo hupita yakitoka Usagara na Misungwi. Kila chombo kisimamapo breki hufanya kazi, na katika vyombo hivyo vingi viko ambavyo havisimami ila kwa kupiga kelele.

Juu ya kelele hiyo watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba kila breki iliayo ni breki mbovu, na wako wasemao kwamba ni jambo dogo, maadamu breki yashika. Makundi yote mawili yamekosea. Kweli ni hii: mlio wa breki ni habari iletwayo na chombo kwa mwenye chombo. Habari nyingine ni ndogo, wala haimpasi mtu kuhangaika. Nyingine ni ya kufa na kupona. Asiyejua kuzipambanua, ama atapoteza fedha zake bure kwa fundi, ama atapoteza roho za watu aliowapakia.

Basi katika makala hii tutaeleza breki ni kitu gani, hulia kwa nini, namna ya kuipima, na namna ya kuitengeneza. Lakini kabla ya yote yafaa tuseme jambo moja kubwa. Katika vijiji vya Usukuma mkokoteni wa ng'ombe ukilia, mwenyewe hutia grisi katika mhimili wa gurudumu, na kelele hukoma. Desturi hiyo ni njema kwa mkokoteni, lakini ikipelekwa katika breki huua. Gurudumu lahitaji utelezi ili lizunguke. Breki yahitaji ukavu na mkwaruzo ili isimamishe. Mtu atiaye mafuta katika breki ili inyamaze, huinyamazisha kweli, na pamoja na kelele huiondolea na nguvu zake.

KAZI YA BREKI

Motokaa iendayo mbio ina nguvu nyingi ndani yake, na nguvu hiyo haiwezi kupotea tu. Breki huigeuza kuwa moto. Tuchukue mfano wa daladala iliyojaa watu, uzito wake tani 3, ikienda kilomita 60 kwa saa. Kuisimamisha mara moja tu hutoa moto wa kutosha kuchemsha zaidi ya lita 1 ya maji. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu hiyo haizidi mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana gari lishukalo kilima kwa kasi huunguza breki zake upesi sana.

Ziko breki za namna mbili. Ya kwanza ni breki ya diski. Humo mna sahani nene ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, nayo ndiyo diski. Na kandokando yake mna vipande viwili viitwavyo pedi, kimoja upande huu na kimoja upande huu. Dereva akanyagapo, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba mpaka kwenye chombo kiitwacho kalipa, na kalipa huzibana pedi mbili juu ya diski kama vile koleo la mhunzi libanavyo chuma. Namna ya pili ni breki ya ngoma. Humo mna chuma cha mviringo kilicho wazi ndani mfano wa sufuria, na ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Breki ikikanyagwa, vipande hivyo hutanuka na kuubana mviringo kwa ndani. Motokaa nyingi za abiria tuzionazo katika Mwanza zina diski mbele na ngoma nyuma.

Upande wa mbele ndio ufanyao kazi kubwa zaidi, kwa sababu motokaa isimamapo uzito wake huinamia mbele. Kwa hiyo pedi za mbele huisha upesi, na ndizo za kutazamwa kwanza.

SAUTI HUTOKEA NAMNA GANI

Kila mwalimu ameshika chaki ikalia ubaoni hata watoto wakaziba masikio. Sababu ya mlio ule ndiyo sababu ya mlio wa breki. Chaki haiendi ubaoni kwa mteremko mmoja ulio sawa: hushika kidogo, huachia, hushika tena, huachia tena, mara nyingi mno katika nukta moja, na kutetemeka huko ndiko kusikikako kama sauti. Pedi nayo hushika diski na kuachia vivyo hivyo. Mtetemo huingia katika diski, na diski, kwa kuwa ni sahani pana ya chuma, hulia kama kengele. Katika mlio mkali wa breki mitetemo hiyo huwa ni zaidi ya 1,000 kwa nukta, na mara nyingine hupita 10,000.

Mwalimu afanyeje ili chaki isilie? Haipaki mafuta, maana haitaandika. Huikata iwe fupi, au huishika kwa namna nyingine. Chaki yaendelea kukwaruza kama kawaida, ila imezuiwa isitetemeke. Hiyo ndiyo siri yote ya kutengeneza breki zinazolia: ondoa mtetemo, acha mkwaruzo.

Shida hii si ya leo. Mwaka 1902 fundi Mwingereza jina lake Frederick Lanchester aliandikisha haki ya uvumbuzi wa breki ya diski. Lakini vipande vyake vya kubana vilikuwa vya shaba, na shaba juu ya chuma ilipiga kelele zisizovumilika. Miaka michache baadaye Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alitumia nyuzi za asbesto katika vipande vya breki, na kelele ikapungua. Lakini dawa hiyo ilikuja na ubaya wake, maana ilitambulikana baadaye kwamba vumbi la asbesto likivutwa mapafuni huleta kansa. Na Uingereza ilikataza matumizi yake mwaka 1999. Pedi za siku hizi zafanywa kwa mchanganyiko wa unga wa chuma, nyuzi, na gundi ngumu. Zile zenye unga mwingi wa chuma hustahimili moto, lakini hulia zaidi. Zile laini hunyamaza, lakini huisha upesi.

KUISIKILIZA BREKI

Tabibu mwema humwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Na mwenye motokaa ajiulize hivi: Sauti yaja lini? Ni ya namna gani? Yatoka upande upi?

Kwanza, kuna mlio wa asubuhi. Motokaa iliyolala nje usiku wa masika, au iliyooshwa jioni ikaachwa na maji, huota kutu nyembamba juu ya diski zake. Hapa kwetu, karibu na ziwa, jambo hili ni la kawaida. Asubuhi breki hukwaruza na kulia mara ya kwanza na ya pili, kisha kutu hufutika na sauti hukoma. Huu si ugonjwa, wala hauhitaji fundi.

Pili, kuna mlio wa vumbi. Njia za udongo zitokazo Buhongwa kwenda vitongojini zina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na udongo wenyewe una chembe ngumu zitokazo katika majabali yetu. Chembe hizo huingia kati ya pedi na diski, au hujaa ndani ya ngoma. Mlio wake huja na kwenda; leo upo, kesho haupo. Dawa yake ni kusafisha.

Tatu, kuna mlio mwembamba na mkali usikikao kila mara breki ikanyagwapo kidogo, hata baada ya motokaa kupata moto. Huu waweza kuwa wa pedi iliyoungua uso na kung'aa kama kioo, au ya pedi iliyolegea katika nafasi yake, au ya diski isiyo sawa. Lazima gurudumu lifunguliwe.

Nne, kuna mlio mwembamba usikikao motokaa iendapo bila ya kukanyaga breki, nao hubadilika au hukoma ukanyagapo. Msomaji autie moyoni mlio huu. Pedi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma, na kazi ya ulimi huo ni kulia tu. Pedi ikibaki na unene wa milimeta 2 au 3, ulimi hugusa diski na kupiga kelele. Haukuwekwa kwa bahati mbaya, ndio mjumbe aliyetumwa kusema, "Pedi zimekwisha, nunua nyingine." Lakini si kila pedi ina ulimi, kwa hiyo kimya nacho si ushahidi kwamba pedi ni nzima.

Tano, kuna mngurumo wa kukereza, chuma juu ya chuma, na pengine dereva huusikia mguuni mwake. Hapo pedi imekwisha kabisa, na bati lake la mgongoni lachimba diski. Gari la namna hiyo lisiende safari nyingine hata moja. Kila kilomita iongezwayo huharibu diski, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya pedi; na siku ya kukanyaga kwa nguvu halitasimama pale lilipotakiwa kusimama.

Tena ziko sauti zisizo za breki kabisa. Mlio uzidio kwa kadiri ya mwendo, na ambao haubadiliki ukanyagapo breki, huenda ukawa wa beringi ya gurudumu. Mlio uzidio injini ivumapo, hata gari likiwa limesimama, mara nyingi ni wa mkanda wa feni. Na sauti ya kukwaruza iliyoanza ghafula baada ya kupita njia ya changarawe, mara nyingine ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Kikitolewa, kazi imekwisha.

KUITAZAMA

Baada ya kusikiliza, yafuata kutazama. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kuinua gari kwa jeki. Lakini mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, maana jeki huteleza. Liwekwe juu ya stendi imara.

Gurudumu likitoka, pima pedi kwa macho. Pedi mpya za motokaa nyingi zina unene wa milimeta 10 hivi, mbali na bati la mgongoni. Zikibaki milimeta 3, zibadilishwe. Usitazame pedi ya nje tu. Mara nyingi ya ndani huisha kwanza, na mafundi wavivu hawaioni. Ikiwa moja imekwisha na mwenzake bado nene, jua kwamba kalipa imeganda mahali, au pini zake hazitelezi. Kubadilisha pedi bila ya kuondoa kosa hilo ni kazi bure, maana pedi mpya itakufa kama ile ya kwanza.

Kisha tazama diski. Ipitishe kucha yako juu ya uso wake, ikiwa imepoa. Kucha ikikwama katika mifereji, diski imechimbika. Madoa ya rangi ya samawati ni alama ya moto mwingi. Na nyufa ni alama ya hatari, diski hiyo itupwe. Katika diski nyingi pamepigwa chapa ya namba ionyeshayo unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Fundi asiyepima unene huo hafai kuaminiwa.

Katika ngoma za nyuma tazama vumbi lililojaa, springi zilizolegea, na zaidi ya yote tazama unyevu. Ukiona mafuta yamelowesha shuu, yametoka ama katika silinda ndogo ya breki iliyovuja, ama katika sili ya ekseli. Shuu iliyolowa mafuta haisafishiki. Hata ikioshwa kwa petroli na kukaushwa juani, mafuta yamekwisha ingia ndani yake. Ibadilishwe pamoja na mwenzake, na palipovuja pazibwe kwanza.

Mwisho tazama chombo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Pedi zinapokonda, mafuta hushuka kidogo kidogo, na hiyo ni kawaida. Lakini yakishuka upesi, pana tundu mahali. Mtu aongezaye mafuta kila juma pasipo kutafuta yanakokwenda, ni kama mtu ajazaye mtungi uliopasuka.

KUITENGENEZA

Ikiwa kosa ni vumbi, lisafishwe kwa dawa ya kuoshea breki iuzwayo madukani, au kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa, kisha pakaushwe vizuri. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi na shuu za zamani huenda zina asbesto, na lile lisilo na asbesto nalo halifai mapafuni. Vijana wengi wa gereji hupuliza vumbi hili kila siku pasipo kujua wanachokivuta. Walio wakubwa wao na wawaonye.

Ikiwa pedi imeng'aa uso lakini bado ni nene, isuguliwe kwa msasa juu ya mahali palipo sawa mpaka mng'aro utoke, na kingo zake kali zikatwe mshazari kwa tupa. Diski nayo isuguliwe kwa msasa kwa kuzunguka. Diski iliyochimbika kidogo yaweza kupelekwa kwa mkereza vyuma ikakerezwa iwe sawa, mradi baada ya kukerezwa unene wake usipungue chini ya ile namba ya chapa. Ikipungua, inunuliwe mpya.

Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zitolewe, zisafishwe kutu, zipakwe grisi maalum ya breki istahimiliyo moto. Hapa ndipo mahali pa haki pa grisi: juu ya pini, na kidogo sana mgongoni mwa bati la pedi lipokutana na kalipa. Uso wa pedi na uso wa diski usiguswe na grisi hata tone. Na kama umeguswa kwa vidole vyenye mafuta, uoshwe. Tena vile vibati vyembamba vikaavyo mgongoni mwa pedi, na vile vibanio vidogo vya pembeni, visitupwe. Mafundi wengi huviona kuwa ni takataka, kumbe ndivyo vizuiavyo mtetemo, kama vidole vya mwalimu viishikavyo chaki.

Pedi zikibadilishwa, zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma. Zikitiwa mpya upande mmoja tu, gari litavuta upande mmoja likisimama ghafula, nalo laweza kupinduka. Wakati wa kazi, kalipa isining'inizwe kwa mpira wake, bali ifungwe kwa waya. Pistoni irudishwe pole pole, huku mtu akitazama mafuta yasifurike, kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi ya gari.

Kazi ikiisha, dereva aikanyage breki mara kadhaa kabla ya gari kuondoka, mpaka iwe ngumu chini ya mguu. Neno hili ni dogo kuliko yote tuliyoyasema, lakini asiyelifuata atakanyaga mara ya kwanza akiwa barabarani, na mguu wake utafika chini bila ya gari kusimama. Kisha pedi mpya zizoezwe: dereva aende mwendo wa kilomita 50 kwa saa mahali pasipo na watu, apunguze kwa upole mpaka karibu na kusimama, aachie, ayarudie hayo mara 10 au zaidi, huku akizipa breki nafasi ya kupoa. Pedi zisizozoezwa mara nyingi hulia, na mwenye gari hudhani ameuziwa pedi mbovu.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya namna ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka moto ufike digrii 205 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubonyea, wala hausukumi pedi. Hiyo ndiyo sababu ya breki "kupotea" katikati ya kilima, ingawa dakika tano zilizopita zilikuwa zikishika.

MAMBO YASIYOFAA

Yako matendo yaliyozoeleka ambayo hatuna budi kuyakataza waziwazi. Usimwagie diski yenye moto maji baridi. Hupinda au hupasuka. Usitie mafuta ya injini katika chombo cha mafuta ya breki. Huvimbisha mipira yote ya ndani, na gharama yake ni kubwa. Usinunue pedi kwa kutazama bei peke yake. Nunua katika duka linalojulikana, uilinganishe na ya zamani, na ukiona utando wake umeachana na bati au una nyufa, uirudishe.

Na lililo baya kuliko yote ni kukata ule ulimi wa chuma uliao, ili abiria wasisikie. Afanyaye hivyo amemziba mdomo mlinzi usiku ule ule mwizi anapokaribia. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Naye mtu huyu ameyafuta mawingu machoni mwa watu, lakini mvua hakuizuia.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU SOTE

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina motokaa, habari za pedi zanihusu nini?" Zakuhusu, maana wapanda motokaa ya mwenzio, na watoto wako hutembea kando ya barabara waendapo shule. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni karibu na Arusha, lori moja liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafa. Ilitangazwa kwamba breki za lori zilikuwa zimeshindwa. Waliokufa hawakuwa na habari ya breki za lori lile.

Hatusemi kwamba kila ajali huanza kwa mlio. Lakini breki chache sana hufa ghafula pasipo kutoa dalili. Kabla hazijafa hulia, au hunguruma, au huvuta upande, au hushuka chini ya mguu, au hutoa harufu ya kuungua. Dalili hizo huonekana siku nyingi kabla, na kwa kawaida huonwa na watu wengi: dereva, kondakta, abiria, na hata mama auzaye ndizi kituoni.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye gari asimdai dereva hesabu ya siku huku akimnyima fedha ya pedi. Dereva akiteremka kilima atumie gia ndogo ili injini ishike mzigo, wala asiweke mguu juu ya breki toka kileleni mpaka bondeni. Fundi aonyeshe pedi ya zamani kwa mwenye gari, ili aone kwa macho yake kilichotolewa. Mwalimu aweza kulifundisha somo hili kwa chaki yake mwenyewe, na watoto hawatalisahau. Wazee wa mtaa na viongozi wa vituo, wakisikia gari lingurumalo chuma juu ya chuma, wasione haya kulisimamisha. Kuendesha gari bovu barabarani kumekatazwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na abiria aulizaye habari za breki hajamtukana mtu.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, shika mambo haya manne. Mlio wa asubuhi ukikoma wenyewe, uache. Mlio ukidumu, fungua gurudumu utazame. Chuma kikisaga chuma, simamisha gari hapo hapo. Wala usiinyamazishe breki kwa mafuta. Pedi mbili zilizonunuliwa leo ni gharama ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa roho ya mtu haujengeki tena.